Muhuri wa Soli ya Ndala: Mzee Dawa Anatuaga

Mzee Dawa anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupiga dawa vitabu vya maktaba hii. Ndivyo wasifu unavyotakiwa kuanza, basi nimeanza. Kamati ya sherehe ilinipa nusu ukurasa na maneno ya kuchagua: mchapakazi, mnyenyekevu, mcheshi, mfano wa kuigwa. Mchapakazi, nakubali. Mnyenyekevu, hapana jamani. Mtu aliyesoma riwaya za mapenzi ya heshima miaka yote hiyo huku akizitukana mstari kwa mstari hawezi kuitwa mnyenyekevu, na mwenyewe angekasirika kuitwa hivyo. Nusu ukurasa nao haukutosha. Programu hii ilikuwa na kurasa mbili nzima za picha za mkuu wa maktaba, kwa hiyo nimejisogezea hapo.

Kwa wageni wasiomjua, ni yule mwanamume mrefu wa koti la kijivu, barakoa imemning'inia kidevuni, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu. Alipoajiriwa, ghorofa ya chini ilikuwa mali ya mende na mchwa, vitabu vilikuwa wapangaji tu. Akapewa bomba la dawa, glovu mbili za mkono wa kushoto, na maelekezo ya mdomo. Kazi yake ilikuwa kutoa vitabu rafu kwa rafu, kuvifuta vumbi, kuvipulizia, kuvisimamisha kwenye meza za korido vikauke, kisha kuvirudisha. Shida ni kwamba kitabu kilichopigwa dawa hakina tofauti na ambacho hakijapigwa, mpaka mende atoke mwenyewe ajieleze. Akaomba muhuri. Mtunza stoo wa enzi hizo, aliyelinda stoo kama chumba cha binti yake mwali, akamjibu kwamba mihuri ni ya maofisa.

Mzee Dawa akaenda nyumbani, akachukua ndala iliyokatika mkanda, akaichonga soli kwa wembe na kuigandisha kwenye kipande cha ubao. Alitaka iandike IMEPIGWA DAWA. Ndala haikutosha. Akaandika SAFI. Tena muhuri wa kwanza aliuchonga herufi zikiwa zimekaa vizuri machoni pake, kwa hiyo ulipogongwa zikatoka kinyume. Rafu nzima ya jiografia hadi leo ina neno IFAS nyuma ya jalada, S na F zimegeuza migongo. Mhadhiri mmoja aliwahi kuniuliza, kwa sauti ile ya wasomi, IFAS ni shirika la nchi gani. Nikamwambia ni la humu humu ndani.

Sasa tuje kwenye vile vitabu. Kushoto kwa mlango wa ghorofa ya chini kuna riwaya ambazo mimi, mkutubi niliyesomea kazi hii, nimeziorodhesha miaka nenda miaka rudi huku nimebana pumzi. Ni riwaya za mapenzi na mashaka, lakini zisizo na uchafu: binti mcha Mungu anawindwa na watu wabaya, anaokolewa na kijana wa mabega mapana aliyesusa imani kwa sababu ya ajali fulani, na wote wawili wanakimbia kurasa mia tatu bila kugusana hata kiwiko. Kando yake kuna dada zake, riwaya za kale: jiji la mawe, mfalme katili, kijakazi anayesali kwa siri, jemadari anayemsikiliza nyuma ya pazia. Ukisoma moja umezimaliza zote. Wasomaji wake hawaoni hivyo. Wanazisubiri kwa zamu, wanaulizana nani anayo na amefika wapi, na wakizikosa wananikunjia uso kana kwamba nimezila.

Miongoni mwao alikuwamo, na bado yumo, mama mmoja fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Alikuwa akiishi na mama mkwe wake. Bibi huyo macho yalikuwa yamekwisha, ila ulimi ulikuwa mzima kabisa: chai ya maji matupu, pindo za nguo zimekwenda upande, mwanangu amekonda tangu akuoe. Kitu kimoja tu kiliwakalisha chumba kimoja bila kurushiana maneno. Jioni, fundi akishafunika cherehani, alimsomea bibi riwaya. Bibi alitaka iwe na dini, iwe na kusisimua, isiwe na mambo ya aibu. Siku fundi alipouona muhuri wa SAFI nyuma ya vitabu vyetu, moyo ulimtulia. Akawatangazia wenzake wa nyumba ya ibada kwamba maktaba sasa imepata mtu wa kuchuja. Hakuuliza anachuja nini.

Akaazima riwaya yenye muhuri, na ilikuwa tamu mpaka sura ya saba. Alikuwa anasoma kwa sauti, kwa mbwembwe zote, akafika pale mlango wa chumba unapofungwa na mwandishi hakubaki nje. Mbele ya mama mkwe! Kesho yake akaja, akakiweka kitabu kaunta kifudifudi na kukifunika kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Akasema, "Mzee, hii ndiyo safi yenu?" Mzee Dawa akakifunua, akakikung'uta, akakinusa, akamjibu kwa moyo mweupe kabisa: "Mama, mende hamna."

Tulicheka kaunta nzima. Fundi hakucheka. Alisema bibi hamsemeshi tangu jana, na ameapa hatasomewa tena kitu chochote, na kwamba kusoma ndiko kulikuwa kumebaki kati yao. Akasema, "Mmeandika safi, mimi nikaamini. Sasa nikamwambie nini?" Akachukua kitambaa chake akaenda zake.

Mkuu wa maktaba wa wakati ule alitaka libandikwe tangazo kwamba SAFI maana yake dawa. Maofisa wanapenda matangazo, maana tangazo halimtazami mtu usoni. Mzee Dawa alikataa. Alisema neno lake limemtia mtoto wa watu aibuni na karatasi ya ukutani haitamtoa. Akabeba riwaya tatu akaenda nazo nyumbani. Siku chache baadaye akampelekea fundi moja mkononi, macho mekundu, akamwambia: "Hii nimeisoma mpaka mwisho. Mwambie bibi, mzee wa maktaba ameapa." Bibi alinuna wiki nzima, halafu akauliza ile hadithi inahusu nini. Tangu hapo riwaya haikugongwa muhuri humu ndani kabla Mzee Dawa hajaipitia ukurasa kwa ukurasa.

Mtu asidhani alizipenda. Alizisoma kwenye benchi la nyuma ya stoo akizisonya, na sisi tulijua amefika wapi kwa kusikiliza. Msonyo mfupi, binti amesahau kufunga mlango na anajua fika anawindwa. Msonyo mrefu, kijana ameanza kusimulia ndoto. Akinyamaza kabisa ujue kuna mvua kubwa, pango, na blanketi moja, na mzee anasoma kwa jicho la askari wa zamu. Karibu kila mara kijana alimwachia binti blanketi, akaenda kulala nje mlangoni. Mzee Dawa angegonga muhuri kwa hasira, paa! "Mvua yote ile," angesema, "na kesho yake hana hata mafua!"

Alikuwa na mengi. Watu wana bunduki nje ya nyumba, kijana anafungua sala ya kurasa tatu; kwani miguu inazuia kusali? Kijakazi amefua nguo za mfalme miaka kumi na mikono bado laini kama ya mtoto. Mwandishi huyu hajawahi kufua hata leso. Binti anaitambua sauti ya muuaji gizani, lakini hatambui kwamba kijana anampenda. Huyo si wa kuachiwa avuke barabara peke yake. Jemadari ndiye aliyemkera kuliko wote. Jemadari anachinja watu tangu sura ya kwanza, sura ya mwisho anatokwa na machozi mawili, keshatakata. Mzee Dawa alisema yeye na bomba lake, na dawa ya kuchanganywa mara mbili, hajawahi kutakatisha kitu upesi namna hiyo.

Hapo ndipo mimi na yeye tulipoelewana, maana mimi riwaya hizo nazidharau kwa elimu na yeye alizidharau kwa uzoefu. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajitesa. Akanijibu kwamba hata harufu ya dawa haipendi, na mbona anaipuliza.

Asisifiwe mno lakini. Yapo aliyoyaboronga. Kuna riwaya moja ya kale aliimwagia dawa kupita kiasi, kurasa mbili zikagandana, na mwandishi alikuwa ameziweka shughuli zake zote za gizani humo humo. Mzee akasoma jemadari anavua viatu mlangoni, akafunua, jemadari yuko sokoni ananunua farasi. Akadhani ndivyo watu wa kale walivyokuwa, hawakai sehemu moja. Akagonga SAFI. Mke wa mwalimu mkuu ndiye aliyezibandua kurasa zile kwa kisu cha mkate, akaja kutufokea kwamba amedhalilishwa. Alikuja kufoka wiki tatu baadaye, na kitabu kilikuwa kimechakaa. Tangu siku hiyo Mzee Dawa hupitisha rula kati ya kurasa kabla ya kusoma.

Tena kuna kile cha ufugaji wa nyuki. Wacha Mungu wetu walipozoea muhuri, wakaanza kuutaka kwenye kila kitu, hadi vitabu vya kilimo. Mzee Dawa akasoma anayoyafanya malkia wa nyuki na madume yake angani, kisha yanayowapata madume. Akakinyima muhuri. Bwana mmoja mfugaji alikuja kulalamika kwamba kitabu ni cha serikali. Mzee akamwambia yeye hakatazi kuazima, ila kuapa hawezi.

Bibi alifariki miaka tisa baada ya ile sura ya saba. Wiki iliyofuata mazishi, fundi alirudisha riwaya waliyokuwa wakiisoma, uzi mwekundu umewekwa kama alama, imebaki sura moja. Akaomba asimuliwe mwisho, kwa sababu kuusoma peke yake hakuweza. Mzee Dawa akatoka kaunta, akamkalisha kwenye benchi lake na kumsimulia: kijana alivyorudi, sala aliyosali, mashtaka yalivyoisha, harusi. Alimsimulia yote bila kusonya hata mara moja. Mimi nilikuwa naorodhesha vitabu karibu nao, na nakiri niliorodhesha vibaya siku hiyo.

Tufike sasa kwa mkuu wetu wa leo, aliyekaa hapo meza kuu. Mwezi uliopita tulipokea maboksi ya riwaya za msaada, yakajaa korido mpaka wasomaji wanapita ubavu ubavu. Mkuu, ambaye ghorofa ya chini huiteremkia akiwa na wageni tu, aligundua kwamba vitabu vyenye SAFI vinaazimwa kuliko ghorofa mbili za juu zikiunganishwa. Akaitisha kikao. Akasema SAFI ni chapa ya taasisi. Akaagiza riwaya zote za maboksi zigongwe muhuri zikifika tu, zitoke haraka. Mzee Dawa akauliza nani atakuwa anazisoma. Mkuu akajibu kwamba kusoma kunachelewesha huduma. Katika maktaba! Nilidhani masikio yangu yameingia dawa.

Akaongeza kwamba muhuri ni mali ya ofisi, na mstaafu aukabidhi pamoja na bomba na glovu. Mali ya ofisi! Ofisi hii imewahi kumnunulia nani ndala? Mzee Dawa hakubishana. Aliuosha wino kwa sabuni, akaukausha na kuuweka juu ya meza ya mkuu. Mkuu akacheka, akamwambia, "Mzee wangu, ni muhuri tu."

Mchana ule alikaa kwenye benchi lake bila kitabu. Nilimpelekea chai, akaishika mpaka ikapoa. Akaniambia: "Fundi atasoma moja ya hizo. Atafika pale pabaya, ataona neno langu nyuma. Ataniona mwongo, na mimi sitakuwapo kaunta nimjibu." Mtu niliyemzoea kwa kelele akiongea kwa upole vile, niliumia, na sioni haya kuliandika hili kwenye programu ya sherehe.

Muhuri nilikabidhiwa mimi, pamoja na maboksi, niwe nimemaliza kabla ya sherehe hii. Nikafungua boksi la kwanza. Jalada la juu lilikuwa na binti aliyejitanda kitambaa kichwani, mnara wa ibada nyuma yake, njiwa wawili. Sura ya pili sikuimaliza, na mimi si mtu wa kuona haya upesi. Cha pili kilikuwa na njiwa mmoja, na kilikuwa kibaya zaidi.

Basi natoa taarifa rasmi, mbele ya mkuu na wageni wake, kwamba agizo limetekelezwa. Riwaya zote za maboksi zimepulizwa dawa, na Mzee Dawa ndiye aliyezipuliza kwa mkono wake, ikiwa ndiyo kazi yake ya mwisho. Zote zimegongwa muhuri. Muhuri nimeuchonga mwenyewe, ndala ni yangu, na nilitumia ndala nzima kwa sababu maneno ni marefu. Unasomeka IMEPIGWA DAWA. Herufi ya W imekaa upande, nitairekebisha. Ni ukweli mtupu, na huduma haikuchelewa. Mkuu anaweza kuufanya chapa ya taasisi akipenda, ndala nimeitoa kwa hiari.

Imebaki zawadi. Kwa kawaida tunampa mstaafu saa ya ukutani, sijui kwa nini, mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Mkuu wetu, muda si mrefu utaombwa usogee umkabidhi Mzee Dawa boksi lile la karatasi ya bluu. Utaona ni jepesi. Saa haimo. Tafadhali lishike kwa mikono miwili na useme kwa sauti, kama programu inavyoelekeza, kwamba kilichomo ni chake na hakuna wa kumdai. Akina mama wa safu ya mbele wamekuja kulisikia hilo kwa masikio yao, na fundi cherehani amefunga duka.

Nimemfungulia mzee kadi ya msomaji, kitu ambacho kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyekumbuka kumpa. Ataazima kama raia mwingine. Akigonga neno lake kwenye kipande cha karatasi na kukichomeka ndani ya kitabu alichokisoma, kanuni za maktaba hazina la kusema. Nimezipitia zote, na ni mbaya kuliko riwaya za jemadari.

Mzee Dawa, asante. Asante kwa mende uliowamaliza na kwa kurasa ulizozimeza kwa niaba ya watu usiowajua. Tunakutakia mapumziko marefu, kifua kisichokumbuka dawa, na macho ya kukufikisha sura ya mwisho. Sasa soma unachotaka mwenyewe, hata kile cha nyuki.

Na wewe fundi, huo mfuko uliouficha chini ya kiti tumeuona, na riwaya zilizomo tumezihesabu kwa macho. Mwache walau alale siku mbili. Kisha nenda, kwake unapajua. Ubishe hodi kwa nguvu, maana akiwa anasonya hasikii.